Ujira wa Mpanda Miti: Nakivale, Mbarara na Nchi za Mbali

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, mgeni amekwisha kupewa jembe zamani. Amelishika, amelima nalo, na kwa jembe hilo hilo amechimba mashimo ya miti katika mashamba ya watu. Swali ambalo wahenga hawakulitia katika methali yao ni hili: akishamaliza kuchimba, alipwe nini, na kipimo cha malipo hayo kiwekwe na nani?

Swali hili linawahusu watu wengi kuliko wale wa Nakivale. Mwenyeji wa Mbarara asiye na shamba la kumtosha hujiuliza vivyo hivyo, na kadhalika mpasua mbao wa Ituri, mkata miti wa Afrika Kusini, na kijana wa Meksiko anayepanda misonobari katika milima ya Marekani. Kazi ya msitu inafanana duniani kote kwa uzito wake na hatari zake. Inatofautiana mno kwa ujira wake. Tukizifuata sababu za tofauti hiyo tutaona kwamba hazitokani na nguvu za mikono ya mtu, wala na ubora wa udongo. Zinatokana na mambo mawili: kama pana sakafu ya ujira ambayo mwajiri haruhusiwi kushuka chini yake, na kama mfanyakazi anaweza kuikataa kazi yenye malipo duni bila kulala njaa.

MAHALI PENYEWE

Nakivale ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe zaidi barani Afrika. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchi yao. Hii leo yamo katika wilaya ya Isingiro, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, na yana watu zaidi ya 150,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kiswahili ndicho kiungo cha wengi wao, hasa waliotoka Kivu na Burundi. Katika soko la Isangano mtu aweza kununua, kuuza, kugombana na kupatana kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni.

Mbarara, iliyopandishwa daraja kuwa jiji mwezi Julai 2020, ndiyo soko kubwa la upande huo. Huko ndiko ziliko bohari za mbao, karakana za maseremala na majengo yanayoinuka kila mwaka kwa kutumia nguzo za mikaratusi. Kuzunguka Mbarara kuna misitu ya hifadhi iliyopandwa misonobari, kama vile Bugamba na Rwoho, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu mwaka 2004, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Norwe, wakulima binafsi nao walipewa ruzuku ya kupanda miti ya mbao, na vilima vingi vilivyokuwa malisho ya ng'ombe vikageuka mashamba ya miti.

Rwoho una historia ya pekee. Mwaka 2009 mradi wa upandaji miti wa huko ulisajiliwa chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto, ukawa wa kwanza wa namna yake barani Afrika. Mfuko mmoja wa Benki ya Dunia ulikubali kununua hewa ya ukaa itakayonyonywa na miti hiyo, na vikundi vya wenyeji vilipewa sehemu ya kupanda. Hivyo mti wa Rwoho una bei mbili: bei ya mbao zake siku utakapokatwa, na bei ya hewa unayoisafisha ungali umesimama. Mikono iliyochimba shimo lake ililipwa mara moja.

KAZI ILIVYO

Msitu wa kupandwa huanza kitaluni. Udongo hujazwa katika viriba, mbegu husiwa, na miche humwagiliwa maji asubuhi na jioni. Kazi hii mara nyingi hufanywa na wanawake, nao hulipwa kwa hesabu ya viriba walivyojaza. Kisha nyika hufyekwa, mambo hupigwa ardhini kwa mistari, na mashimo huchimbwa. Kwa nafasi ya mita tatu kwa mita tatu, hekta moja huhitaji miche 1,111. Baada ya kupanda yafuata miaka miwili au mitatu ya palizi, maana mche uliomezwa na majani hufa. Halafu hupogolewa matawi, hupunguzwa miti dhaifu, na hatimaye, baada ya miaka 18 au 20 kwa misonobari ya mbao, hukatwa na kupasuliwa.

Karibu kila hatua hulipwa kwa kipimo cha kazi: kwa shimo, kwa mstari, kwa kiriba, kwa ubao. Wenyeji wa Ankole humwita mtu wa kazi hizo omupakasi, neno lenye sauti ya mpagazi wetu. Nakivale na makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda kazi yenyewe huitwa leja leja: leo ipo, kesho haipo.

Malipo ya kipimo yana sura ya haki. Mwenye bidii hupata zaidi na mvivu hupata pungufu, nani atalalamika? Lakini tufanye hesabu, iwe ni mfano tu. Tuseme mtu ameahidiwa shilingi 100 za Uganda kwa kila shimo. Hekta nzima itamletea shilingi 111,100. Akichimba katika udongo laini, mashimo 80 kwa siku, amepata shilingi 8,000 kwa siku, na atamaliza hekta kwa siku 14. Akipewa kilima cha mawe, huenda asivuke mashimo 50. Siku yake imekuwa ya shilingi 5,000, na hekta ile ile itamchukua siku zaidi ya 22. Bei ya shimo haikubadilika, wala bidii yake. Kilichobadilika ni mawe, na hasara ya mawe imebebwa na mchimbaji peke yake. Tena siku ya mvua kubwa hakuna hesabu kabisa, na mche ukifa kwa ukame, wako wasimamizi wanaokata malipo ya shimo lake.

Hapo ndipo penye umuhimu wa sakafu ya ujira. Penye sakafu, bei ya shimo katika kilima cha mawe hapana budi ipande mpaka siku ya mtu ifikie kiwango cha chini. Pasipo na sakafu, jiwe ni la mchimbaji na faida ni ya mwenye shamba.

KIPANDE NA SHAMBA

Mambo haya hayakuanza jana. Tangu miaka ya 1920, maelfu ya Wanyarwanda na Warundi walipita Mbarara kwa miguu wakielekea Buganda kulima pamba na kahawa za wengine. Nyumbani walikimbia kodi na kazi za shuruti. Uganda walitafuta fedha. Ujira wa kibarua wa Uganda ulizoea tangu wakati huo kuwa na mtu wa ng'ambo ya mpaka anayengoja nyuma ya foleni.

Tanganyika nayo ilikuwa na kipande. Kibarua wa mkonge alipewa kadi ya siku 30 za kazi, na hakulipwa mpaka siku zote 30 zitimie. Siku ya ugonjwa haikuhesabiwa, na kazi isiyomridhisha mnyapara haikutiwa alama. Mtu aliweza kukaa shambani miezi miwili akiutafuta mshahara wa mwezi mmoja.

Kenya ilikuwa na njia nyingine, mahsusi kwa misitu. Tangu mwaka 1910 Idara ya Misitu iliwapa watu vipande vya ardhi katika maeneo yaliyokatwa miti, walime mahindi na viazi, na papo hapo waitunze miche ya serikali. Utaratibu huo uliitwa shamba. Sehemu ya ujira ilikuwa fedha, na sehemu ilikuwa ardhi ya kulima kwa miaka michache mpaka miti ikue na kufunika jua. Katikati ya miaka ya 1970 wafanyakazi hao waliingizwa katika ajira ya kawaida ya Idara. Mwaka 1987 utaratibu ulipigwa marufuku, ukarudi baadaye kwa sura mpya, bila ya ruhusa ya kuishi ndani ya msitu. Mafunzo yake yangali na maana kwa Nakivale: ujira wa ardhi ni mtamu mradi miti ni mifupi. Kivuli kinapokuja, mkulima huondoka, na hana hisa katika mti alioulea.

SAKAFU ILIYOZAMA

Sasa tuitazame sheria ya Uganda. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, nacho kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Watu wengi hukitaja kiwango hicho hadi leo, wakishangaa udogo wake. Ukweli wake ni mchungu zaidi. Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadili sarafu yake, na shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya. Kwa hesabu hiyo, shilingi 6,000 za mwaka 1984 ni shilingi 60 za leo, yaani ni pungufu ya sarafu moja ya shilingi 100. Mshahara wa mwezi mzima!

Haikukosekana juhudi ya kuiinua sakafu hiyo. Mwaka 2015 serikali iliunda Bodi ya Ushauri ya Kima cha Chini, na mwaka 2017 bodi hiyo ikapendekeza shilingi 136,000 kwa mwezi. Bunge kwa upande wake lilipitisha mwezi Februari 2019 mswada wa kuweka viwango kwa kila sekta. Rais Yoweri Museveni alikataa kuutia saini. Hoja ya wapinzani wa kima cha chini inajulikana: kwamba nchi inayotafuta wawekezaji haiwezi kuwatisha kwa gharama za kazi, na kwamba kazi duni ni afadhali kuliko kukosa kazi.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mkulima mdogo wa Isingiro mwenye ekari mbili za mikaratusi si tajiri, na akilazimishwa kulipa asichonacho atapalilia na watoto wake. Lakini yafaa kuuliza: je, majirani wa Uganda waliothubutu kuweka sakafu wamekosa misitu? Tuvuke mipaka tukajionee.

KWA MAJIRANI

Tanzania iliweka kwa amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, kima cha shilingi 140,000 za Tanzania kwa mwezi kwa sekta ya kilimo, kutoka 100,000 za mwaka 2013. Kwa fedha ya Uganda ni kiasi cha shilingi 200,000 au zaidi kidogo. Mwaka 2025 ikatangazwa amri nyingine ya kupandisha viwango vya sekta binafsi kuanzia Januari 2026. Na Tanzania ndiyo yenye Sao Hill huko Mufindi, shamba la miti lililo kubwa kuliko yote nchini humo, ambalo nguzo na mbao zake zimesambaa kila upande. Sakafu haikuliua shamba hilo.

Kenya huweka viwango vya wafanyakazi wa mashamba, ambavyo ndivyo vilivyo karibu zaidi na kazi ya msitu. Mwaka 2022 kibarua asiye na ujuzi aliwekewa shilingi 7,544 na senti kadhaa kwa mwezi, na Novemba 2024 kiwango hicho kikaongezwa kwa asilimia 6, kikafika karibu shilingi 8,000. Hizo ni zaidi ya shilingi 200,000 za Uganda. Hata hivyo Kenya yatufundisha kwamba kiwango peke yake hakimlindi mtu. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na katazo hilo likadumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa. Katika miaka hiyo mitano, wenye viwanda vya mbao na vibarua wao waliona kazi ikikauka. Ujira mzuri wa kazi isiyokuwapo ni sifuri.

Rwanda iko katika hali inayofanana na ya Uganda. Kiwango cha faranga 100 kwa siku, ambacho hutajwa hadi leo, kina umri wa miaka zaidi ya arobaini, nazo hazifiki shilingi 300 za Uganda. Kongo iliweka mwaka 2018 kima cha faranga 7,075 kwa siku, na mwaka 2025 ikakipandisha hadi 14,500. Katika karatasi, Kongo imeipita Uganda kwa mbali. Lakini mpasua mbao wa Ituri au wa Kivu ya Kaskazini hufanya kazi mahali ambapo mkaguzi wa kazi hafiki na mwenye bunduki hufika. Hulipwa kwa ubao, hutozwa njiani, na mbao zake huvuka mpaka kuja Uganda zikiwa na faida ya watu wengi kuliko yeye. Mkimbizi wa Nakivale aliyetoka huko anaijua hesabu hii kuliko mwandishi yeyote.

NCHI ZA MBALI

Afrika Kusini ilianza kutumia kima cha chini cha taifa Januari 2019. Kilikuwa randi 20 kwa saa, lakini wafanyakazi wa mashamba na wa misitu waliwekwa chini ya wenzao, kwa randi 18. Hoja ilikuwa ile ile, kwamba sekta yao haiwezi kubeba zaidi. Miaka miwili tu baadaye, Machi 2021, pengo hilo lilifungwa, na wafanyakazi wa mashamba na wa misitu wakapewa kiwango kamili cha taifa. Kufikia Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Siku ya saa nane ni randi 230, zaidi ya shilingi 40,000 za Uganda.

Uswidi na Ufini hazina kima cha chini kilichowekwa na sheria. Huko ujira huwekwa kwa mikataba kati ya vyama vya wafanyakazi na vyama vya waajiri, na nchini Ufini mkataba wa namna hiyo unaweza kutangazwa kuwa unawafunga hata waajiri wasiokuwa wanachama. Lakini hata huko heshima hiyo haikuletwa na upepo. Mwaka 1975 wakata miti wa Uswidi waligoma bila idhini ya chama chao wenyewe. Dai lao lilikuwa moja: malipo ya kipimo yaondoshwe, na mtu apewe mshahara wa mwezi. Walisema kwamba kulipwa kwa mti kunamfanya mtu akimbie ndani ya msitu akiwa na msumeno mkononi. Walifaulu. Na utaratibu ulipobadilika, ajali mbaya zilipungua, jambo ambalo wataalamu wa usalama kazini wanalitaja hadi leo.

Msomaji apaangalie hapo kwa makini, kwa kuwa hatari ni sehemu ya ujira ambayo haiandikwi katika daftari la malipo. Nchini Marekani, yenye mashine na hospitali, wakata magogo waliokufa kazini mwaka 2023 walikuwa kwa kadiri ya watu 98.9 katika kila wafanyakazi 100,000, ilhali kwa kazi zote pamoja kadiri ilikuwa 3.5. Hakuna kazi nyingine iliyoua kwa kiwango hicho mwaka huo. Kama ni hivyo kwa mwenye kofia ya chuma na viatu vya kinga, je, yule apasuaye mbao akiwa amevaa kandambili?

Kanada, katika jimbo la British Columbia, yaonyesha njia ya katikati. Wapanda miti wa huko hulipwa kwa mche, kama wa Mbarara. Ila sheria inataka kwamba mapato ya saa zao yasishuke chini ya kima cha jimbo, ambacho Juni 2025 kilifikia dola 17.85 za Kanada. Mawe yakiwa mengi, bei ya mche hupanda au mwajiri hujazia. Kipimo kimebaki, sakafu iko chini yake.

Na tukirudi Marekani, nani hupanda miti huko? Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na vijana wa Meksiko na Guatemala wanaoingia kwa kibali cha msimu. Kibali hicho kimefungwa kwa mwajiri mmoja, basi anayedhulumiwa hawezi kuhamia kwa jirani bila kuhatarisha ruhusa ya kuwapo nchini. Kumbe kule kwenye utajiri pia, msitu hupandwa na mgeni, na ugeni wake hutumika kumshusha bei.

MKIMBIZI NA MWENYEJI

Katika jambo hili Uganda ina sifa yake, na haki yake isifichwe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi, ya kutembea, na ya kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Mkimbizi wa Nakivale hakufungwa kwa mwajiri mmoja. Aweza kwenda Mbarara, Masaka au Kampala. Ni nchi chache zilizothubutu hivyo.

Lakini uhuru wa kuondoka huhitaji chakula cha njiani. Mwezi Aprili 2020 mgawo wa chakula wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulipunguzwa hadi asilimia 70 ya kiwango kamili, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Mwaka 2023 wakimbizi waligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na mwaka 2025, fedha za wahisani zilipopungua sana, karibu watu milioni moja nchini Uganda waliondolewa katika mgawo. Viwanja vya kulima navyo vimezidi kuwa vidogo kadiri wageni wapya wanavyofika. Kila kilo inayopungua katika mgawo huongeza mtu katika foleni ya leja leja, na foleni ikirefuka, bei ya shimo hushuka.

Anayeumia kwa kushuka huko si mkimbizi peke yake. Mwenyeji wa Isingiro au Rwampara ambaye jana alikuwa akipalilia misonobari kwa bei fulani huambiwa leo kwamba wako wa Nakivale watakaopokea nusu. Hukasirika, na hasira yake huielekeza kwa yule aliyeshika jembe kando yake. Hapo ndipo uhasama huzaliwa, na wote wawili husahau kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyepanga bei. Sakafu moja ya ujira, isiyouliza mtu alizaliwa upande gani wa mpaka, ingemlinda mwenyeji dhidi ya kushushwa bei na mgeni, na mgeni dhidi ya kushushwa utu na njaa.

LIWEZEKANALO SASA

Wakati sakafu hiyo inangojwa, yako mambo ambayo tayari yamo katika sheria za Uganda, nayo hayahitaji bunge jipya. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Palizi ya msitu huvuka miezi minne, na wako watu wanaoipalilia misitu ile ile msimu baada ya msimu bila karatasi hata moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa kwa wanaume na wanawake. Mjaza viriba na mchimba mashimo wote wamo humo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi humwajibisha mwajiri kwa mtu aliyeumia akiwa kazini. Na tangu mwaka 2022 waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wanatakiwa kuwachangia wafanyakazi wao katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii.

Kipo pia Chama cha Taifa cha Wafanyakazi wa Mashamba. Mwanachama mmoja hana sauti, lakini kikundi cha wapanda miti 30 wanaokubaliana bei ya shimo kabla ya kupanda lori ni jambo jingine kabisa. Nakivale ina vikundi vya kuweka akiba, vya kwaya na vya mazishi. Haikosi watu wanaojua kukutana na kuweka daftari.

Kwa mwajiri mwenye nia njema, hata aliye mdogo, yapo matatu yasiyogharimu sana. Kwanza, bei ya kipimo itajwe mbele ya mashahidi na kuandikwa, na kilima cha mawe kiwe na bei yake. Pili, malipo yatolewe siku iliyosemwa. Ujira unaocheleweshwa wiki tatu umekwisha kuliwa na mwenye duka aliyekopesha unga. Tatu, anayeshika msumeno apewe kofia, viatu na mwenzake wa kumwangalia. Kwa miradi mikubwa inayouza mbao na hewa ya ukaa katika masoko ya dunia, ni haki kudai zaidi: wanunuzi wa Ulaya wanaouliza umri wa mti waulize pia ujira wa mpanda mti.

Mchumia juani hulia kivulini, husema methali nyingine ya kwetu. Misonobari iliyopandwa mwaka huu katika vilima vya Isingiro itakuwa tayari kwa msumeno katika miaka ya 2040. Wengi waliochimba mashimo yake watakuwa wamehama, wamerudi kwao au wamezeeka. Kivuli cha miti hiyo kitakuwa cha watu wengine, na hilo ni desturi ya misitu tangu zamani. Lakini unga, chumvi na ada ya shule ya watoto wao ni mambo ya mwaka huu, wala hayawezi kungoja mti ukue.